Je, Sture Ameshajua?

Mchungaji alinipigia simu juzi. "Mama Riziki," akasema, "vijana wa kanisa wanataka kusoma habari za wazee waliofanya kazi nchi hii mpaka wakastaafu. Tafadhali waandikie." Nikamwuliza kama ni vijana wale wale ambao nikiwasalimia mlangoni kwa Kiswahili hunijibu "hej hej" na kupita. Akasema ndio hao. Haya basi, shikamoo zenu ambazo hamkunipa nimezipokea. Marahaba. Kaeni.

Kazi yangu ilikuwa kuwatisha Waswidi wa shamba. Kwenye mkataba haikuandikwa hivyo. Iliandikwa kwa maneno marefu kwamba mimi ni msaidizi wa mawasiliano katika halmashauri, kile ambacho nyinyi mnakiita kommun. Lakini fikirieni wenyewe. Barafu ya ziwa imekuwa nyembamba, usikanyage. Nyasi zimekauka, usiwashe moto. Kupe wameanza, vaa soksi ndefu. Maji ya bomba yameingia uchafu, chemsha. Daraja limeoza, zunguka. Nguruwe pori wameonekana karibu na shule. Mtu anafungua sanduku lake la barua akitarajia gazeti, anakutana na mimi. Mara mojamoja tulitoa habari njema, kwa mfano kwamba maktaba itafunguliwa Jumamosi, lakini sikumbuki mtu aliyepiga simu kushukuru kwa ajili ya maktaba.

Halmashauri yenyewe siitaji. Iko nje ya Stockholm, kwa treni na halafu kwa basi, na basi hilo likikuacha umeachwa kweli. Mji wake ulikuwa duka la chakula, benki iliyofungwa na mkahawa wa piza. Baada ya hapo ni misitu, mashamba, maziwa, na nyumba nyekundu zilizokaa mbalimbali kana kwamba wenyewe waligombana zamani. Nilikuwa natoka hapa Rissne asubuhi na treni ya bluu, nimelala huku nimesimama, kama wazazi wenu wengi wanavyofanya mpaka leo.

Mnauliza niliipataje kazi hiyo. Niliipata kwa mimba ya mtu mwingine. Mimi nilikuwa nasafisha ofisi zile. Msaidizi wa idara ya matangazo akaenda kujifungua, na mkuu wake, Gunnel, akanikuta na ndoo yangu kwenye korido akaniuliza kama najua kuendesha gari kwenye theluji. Nikasema ndiyo. Sikuwa nimewahi, lakini hakuniuliza kama nimewahi. Yule dada aliyejifungua alipenda kukaa nyumbani na mtoto, akazaa mwingine, na mimi nikabaki pale mpaka nywele zikawa nyeupe.

Gunnel alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye ugoro chini ya mdomo wa juu tangu asubuhi mpaka jioni. Alikuwa akiongea kwa uchache, kama mtu anayelipia kila neno. Siku za kwanza nilidhani ananichukia. Baadaye nikagundua anaongea hivyo hivyo na mume wake.

Tangazo langu la kwanza lilihusu barafu. Mimi nimezaliwa Uvira, na kwetu huingii nyumbani kwa mtu ukamtupia habari mbaya usoni kabla hujamjulia hali. Unamsalimia, unauliza watoto, unauliza wagonjwa, unauliza mvua, ndipo unasema kilichokuleta. Basi nikaandika: Wakazi wapendwa, tunatumaini mko wazima pamoja na familia zenu, na kwamba sikukuu zilipita kwa amani, na kwamba baridi haikuwasumbua sana mwaka huu. Nikaendelea hivyo kwa raha zangu, Kiswidi changu kikinukia kamusi, na mwisho kabisa nikaandika kwamba barafu ya ziwa haibebi tena mtu.

Gunnel akaisoma yote. Akachukua kalamu, akashuka nayo polepole mpaka karibu na mstari wa mwisho, akaweka alama.

"Hapa," akasema, "mtu ameshazama."

Ndivyo nilivyofundishwa kazi. Kwanza mtu aambiwe afanye nini. Halafu wapi. Halafu mpaka lini. Sababu iwekwe chini, kwa wenye muda. Salamu, Gunnel alisema, nipeleke kanisani. Nilikasirika, sitawaficha. Nilirudi nyumbani nikawaambia watoto wangu kwamba nafanya kazi na mtu asiye na mama. Lakini mwenyewe nilipokaa na kumfikiria mtu aliyesimama kando ya ziwa, mbwa anamvuta, anasoma kuhusu sikukuu zake zilivyopita, nilicheka peke yangu.

Kuna mambo mengine alinifundisha ambayo hamtayapata shuleni. Tangazo la karatasi ukilitia kwenye mfuko wa plastiki, mdomo wa mfuko uelekee chini, la sivyo mvua inaingia na wino unakuwa supu. Lisibandikwe peke yake katikati ya ubao, maana hapo hakuna anayetazama. Libandike kando ya ratiba ya gari la taka. Mswidi anaweza kupuuza mafuriko, lakini siku ya taka lazima aijue. Na usitumie rangi nyekundu kwa kila kitu. Ukitumia nyekundu kwa kupe, siku ya moto utatumia nini?

Lakini somo kubwa lilikuwa swali moja. Kila nilipomaliza kazi, nimeshabandika, nimeshatuma, nimeshaweka kwenye masanduku ya barua, Gunnel aliinua macho na kuuliza, "Je, Sture ameshajua?"

Sture alikuwa mzee mjane aliyekaa kwenye nyumba ya mwisho ya barabara ya changarawe, ng'ambo ya msitu. Barabara ile ilifika kwake ikachoka, ikawa njia ya mbuzi. Simu ya mkononi hakuwa nayo wala hakuitaka. Simu ya waya alikuwa nayo mpaka waya zilipong'olewa na kampuni ya simu, kwa sababu watu walikuwa wamehamia kwenye simu za mkononi, isipokuwa Sture. Sanduku lake la barua lilikuwa kwenye kona ya mbali pamoja na ya wenzake, na alilifungua akijisikia. Alikuwa na kuku, viazi, redio aliyoizima kila watu walipoanza kuongea, na binti mmoja Gothenburg aliyekuja wakati wa Krismasi.

Gunnel alikuwa na imani yake, na nadhani ndiyo dini pekee aliyokuwa nayo: tangazo ambalo Sture hajalijua bado halijatoka. Mimi nilichoka na huyo Sture kabla hata sijamwona. Mbinu zilibadilika, karatasi zikawa tovuti, tovuti zikawa ujumbe wa simu, ujumbe ukawa programu yenye kengele, na swali likabaki lile lile. Mara moja alikuja kijana mpole kutoka mjini kutuonyesha mfumo mpya. Akatuonyesha ramani yenye nukta za kijani, kila nukta mtu aliyepokea. Gunnel akauliza, "Na Sture?" Kijana akatazama kompyuta yake, akauliza Sture ni programu gani, labda inaweza kuunganishwa. Tulipomweleza alicheka kuliko sisi. Halafu mimi nikachukua funguo za gari.

Maana ndivyo ilivyokuwa. Sture nilimpelekea matangazo mimi, kwa mguu na kwa mdomo. Na mlangoni kwake Gunnel hakuwepo, kwa hiyo salamu zangu nilizirudisha.

Siku ya kwanza ya maji machafu nilifika kwake mchana. Tulikuwa tumeshatangaza kila mahali kwamba maji yachemshwe kwanza, yatokote hasa. Sture akafungua mlango, akanitazama, akatazama nyuma yangu kama kuna mtu mwenye akili amekuja nami. Nikamsalimia. Nikamuuliza habari za kuku. Hakuna Mswidi aliyewahi kuulizwa habari za kuku wake na mgeni, na akashindwa kukataa, akanikaribisha kahawa. Mashine yake ilikuwa ya zamani, ile inayokohoa, maji yanapata moto nusunusu tu. Nikanywa. Akaniongezea. Tukafika kwenye viazi. Nikamweleza na mimi kuhusu mihogo ya Uvira. Ilipofika mahali pazuri pa kusema kilichonileta, nikasema.

Sture akatazama kikombe chake. Akatazama changu.

"Kwa hiyo," akasema, "umekuja kunionya kuhusu maji, ukasubiri kwanza ninywe."

Sitawaeleza hali ya tumbo langu kwenye treni ya kurudi, kwa kuwa mchungaji atasoma haya. Kesho yake Gunnel akauliza, "Je, Sture ameshajua?" Nikamjibu kwamba sasa anajua zaidi ya mtu yeyote katika halmashauri nzima.

Tangu siku hiyo Sture alinifungulia mlango kwa sentensi moja: "Sema kwanza, kahawa baadaye." Alikuwa Gunnel wa pili.

Sasa msije mkadhani Waswidi peke yao ndio wenye vichwa vigumu. Kwenye halmashauri yetu kulikuwa na ziwa zuri lenye ufuko wa nyasi, na wakati wa kiangazi makanisa ya Rissne, Tensta na Husby yalikuja pale kwa mabasi, na masufuria, na spika. Kiangazi kimoja kilikuwa kikavu mpaka majani ya miti yalikuwa yakivunjika mkononi. Moto wa nje ulipigwa marufuku. Nikajitolea kuandika tangazo kwa Kiswahili, nikajuta. Dada wa Kenya alisema Kiswahili changu ni cha Kongo. Kaka wa Tanzania alisema hicho si Kiswahili kabisa. Mrundi mmoja akasema kinaeleweka, lakini yeye alikuwa mpole kwa kila mtu. Mwisho niliandika maneno machache tu, ya kuelewa hata mtoto: USIWASHE MOTO. HATA KIDOGO. Nikachora na moto wenyewe, nikaukata kwa mstari.

Jumamosi nikapita ufukweni kuangalia. Chini ya tangazo langu, pembeni kabisa ya nguzo yake, kwaya yangu mwenyewe ilikuwa imeshusha mbuzi aliyekatwakatwa, wavu wa kuchomea, na gunia la makaa.

"Papa Shabani," nikamwambia shemasi, "hamkusoma?"

"Tulisoma, mama. Tulisoma sana. Ni wewe uliandika? Iko muzuri."

"Basi?"

"Lakini siye hatuwashe moto. Tunachoma tu nyama."

"Utachomaje nyama bila moto?"

"Ile haiko moto, mama. Iko makala tu. Moto iko na miali."

Makala kwetu ndiyo makaa. Wenzake wakaitikia kama kibwagizo. Mmoja akasema tena kwamba wameomba Mungu kabla ya kushuka kwenye basi, kwa hiyo vraiment, kweli kabisa, hakuna tatizo. Niliona kubishana kutanimalizia pumzi. Nikafanya kile ambacho shangazi zangu wa Uvira wangefanya. Nikalichukua gunia la makaa, nikaliweka chini, nikalikalia.

Hilo jambo la kukaa lazima niwaeleze, maana hapa mnalelewa bila kulijua. Kwetu mtu akikataa neno la haki, kwa mfano mume amekataa kumrudisha mke, shangazi hawaendi kumpigia kelele. Wanakwenda nyumbani kwake, wanasalimia, wanakaa. Jambo lenyewe hawaligusi. Wanaomba maji ya kunywa. Wanaongea habari za ndugu, mmoja mmoja. Jua linapanda wako pale, linashuka wako pale, na chakula lazima uwape kwa sababu ni wageni. Sijawahi kuona mwanamume aliyewashinda. Kwa kawaida alikuwa anakwenda kumchukua mke wake ili shangazi waondoke.

Kwaya ilinizunguka, ikanibembeleza, ikaimba hata wimbo mmoja wa kunigusa moyo. Sikuinuka. Tulikula chapati na sombe, yaani kisamvu, vikiwa baridi, mbuzi akarudi mjini kwenye sanduku la barafu, na Jumapili Papa Shabani aliomba mbele ya kanisa zima Mungu awape unyenyekevu wale waliopata vyeo serikalini. Nikasema amina kwa sauti kuliko wote.

Kiangazi hicho hicho msitu ukawaka. Hatukujua ni nani aliyeuwasha, na mpaka leo sijui. Siyo kwaya yangu, hilo naweza kuapa, makaa yao nilikuwa nayo nyumbani.

Moto ulianzia mbali, upande wa pili wa bonde. Asubuhi tulikuwa tunawaambia watu wafunge madirisha. Mchana wakuu wa zimamoto wakasema upepo unatarajiwa kugeuka, na vijiji vya barabara ile ya changarawe vihame kabla ya jioni, kwa sababu barabara itafungwa. Sasa ndipo matangazo yote tuliyowahi kutengeneza yalipofanya kazi kwa pamoja. Simu zikalia halmashauri nzima, redio ikakatiza muziki, polisi wakapita nyumba kwa nyumba. Mimi na Gunnel tulipelekwa kwenye ukumbi wa kijiji kuwapokea watu. Wakaja na mbwa, paka, picha za harusi, mmoja na mashine ya kushonea. Ukumbi ukajaa watu waliokuwa majirani maisha yao yote na ambao sasa tu ndio walikuwa wanaulizana majina.

Gunnel akapita katikati yao, akarudi kwangu. Alikuwa ametoa ugoro mdomoni, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Je, Sture ameshajua?" akauliza.

Ameshajua. Polisi walimgongea, akawaambia sawa, atakuja nyuma yao na trekta lake. Wakaamini, wakaendelea na nyumba nyingine, wala siwalaumu. Lakini trekta halikufika. Gunnel alikuwa msimamizi wa ukumbi, hakuweza kuondoka. Akanitazama tu. Nikachukua funguo.

Kwenye kona ya masanduku ya barua polisi kijana alinisimamisha. Akasema barabara bado iko wazi, lakini haitakuwa wazi kwa muda mrefu, na watakapoifunga hatakuwa na mtu wa kumtuma kunitafuta. Nikamwambia nimeelewa. Niliogopa, vijana wangu. Niliikimbia nchi yangu nikiona moshi nyuma yangu, na sikuwa nimepanga kuuendea mwingine kwa hiari, kwa ajili ya mzee wa watu na kuku wake.

Sture alikuwa amekaa jikoni, shati safi, kofia mezani. Trekta lilikuwa uani, zima.

"Sema kwanza," akasema.

"Toka sasa hivi. Twende ukumbini."

"Nimekusikia. Kahawa hakuna. Nenda."

Nikamwambia upepo unageuka. Akasema anajua upepo wa hapo kuliko mimi. Nikamwambia barabara inafungwa. Akasema nyumba ile aliijenga baba yake, na kama itaungua, yeye atakuwa ameiona. Halafu akasema jambo la kweli zaidi, kwa sauti ndogo, akitazama dirisha: ukumbini kuna watu wengi, watamuuliza hali yake, na yeye hajui kujibu.

Gunnel alinifundisha vizuri. Nilikuwa nimesema kwanza afanye nini, halafu wapi, halafu mpaka lini, halafu kwa nini. Yote yalikuwa yamefika, na mtu alikuwa bado amekaa. Pale kalamu ya Gunnel ilikuwa imeishia.

Basi nikavua viatu. Nikavuta kiti, nikakaa.

"Unafanya nini?" Sture akauliza.

"Nimekuja kukusalimu. Hujambo?"

"Nimesema nenda."

"Nitakwenda tukienda wote. Kuku hawajambo? Binti yako wa Gothenburg hajambo? Haya, nashukuru. Sisi pia hatujambo. Naomba maji."

Akanipa maji, maana hata Mswidi hawezi kumnyima mtu maji. Nikaanza na wajukuu. Nikamweleza Ester, mkubwa, anayepinda midomo akiambiwa aoshe vyombo. Nikamweleza Daudi na mpira wake na dirisha la jirani. Nikamweleza Bahati, aliyekataa kuongea Kiswahili mpaka alipotaka kututukana. Nikamweleza Sifa, kitinda mimba, wa shule ya chekechea, anayelala na viatu kwa sababu anaogopa asubuhi itamwacha. Harufu ya moshi ilikuwa imeshaingia jikoni. Macho yalikuwa yananiwasha. Nikahamia kwa dada zangu, na waume wa dada zangu, na kesi ya shamba la mume wa dada yangu wa pili, ambayo ni ndefu.

Nje mwanga ukawa wa rangi ya machungwa. Nilikuwa namwomba Mungu kwa moyo huku mdomo unaendelea na shamba la shemeji. Nilikuwa nimeshaamua kwamba nikimaliza shemeji naanza na wajomba.

"Mwanamke," Sture akasema mwisho, "huwa hunyamazi?"

"Ndani ya gari hunyamaza kabisa."

Akainuka. Akachukua kofia. Kuku alikuwa ameshawatia kwenye makreti tangu asubuhi, wamewekwa nyuma ya mlango, na hapo nikajua alitamani mtu amtoe. Tukawapakia. Polisi kijana alituinulia mkono kwenye kona, na tulipopita tu akaburuta kizuizi mpaka katikati ya barabara. Njia nzima nilinyamaza, kama nilivyoahidi. Waliongea kuku peke yao.

Ukumbini Gunnel alikuwa amesimama mlangoni. Akafungua mdomo kuuliza, nami nikamwonyesha kwa kidole: yule pale, mwenye kreti. Gunnel akageuka, akaweka paji la uso kwenye ukuta, akalia. Nilimsugua mgongo.

Nyumba ya Sture iliungua. Ilibaki bomba la moshi na trekta jeusi. Alipopelekwa kuiona alisimama kidogo, akasema "jaha", neno lao la kusemea kila kitu, akarudi garini. Halmashauri ikampa nyumba ndogo ya wazee mjini, karibu na mkahawa wa piza. Asante hakuniambia. Nilipokwenda kumtembelea alinikaribisha kahawa iliyotokota kwelikweli, akaniuliza hali ya tumbo.

Gunnel alistaafu, halafu na mimi. Na sasa niwaambie la mwaka huu, ndipo niwaachie mwendelee na simu zenu.

Bomba kubwa lilipasuka karibu na hapa kwetu, na tangazo likatoka kwamba maji yasinywewe bila kuchemshwa. Lilitoka vizuri, kwa kila njia. Simu yangu ililipokea hakika. Lakini mimi nilikuwa nimeizima sauti, simu nzima, kwa sababu ya kundi la kanisa, linalotuma maua na mistari ya baraka tangu alfajiri mpaka kila mtu alale. Ndiyo, nyinyi pia mmo. Kwa hiyo mimi, niliyekula mshahara wa matangazo mpaka nikastaafu, nilikuwa jikoni kwangu Rissne sijui lolote, nimetoa kikombe kwenye mashine yangu inayokohoa.

Mlango ukagongwa. Hapa Stockholm mlango haugongwi hivihivi, mnajua wenyewe. Hata ndugu hutuma ujumbe kwanza. Nikachungulia. Alikuwa Sture, na kofia yake, dumu la maji katika kila mkono, anahema. Redio yake siku hizi haizimi watu wakianza kuongea. Alisikia jina la mtaa wangu, akaazima simu ya muuguzi wa pale kwa wazee, akanipigia, sikushika. Basi akapanda basi, akapanda treni, akapanda ile ya bluu ambayo hakuwahi kuipanda, akawauliza watu njia kwa mdomo wake mwenyewe.

Nikafungua, kikombe mkononi.

"Usinywe hiyo," akasema. "Maji machafu. Mpaka watakapotangaza."

Nikaweka kikombe chini. Nilitaka kumshukuru, nikashindwa, nikamwambia tu apumzike, ameshafikisha, aende asije akakosa basi la mwisho. Hakwenda. Aliweka madumu yale sakafuni, akavua viatu, akavipanga ukutani, akavuta kiti cha jikoni, akakaa. Akaweka mikono magotini kama shangazi yangu.

"Hamjambo hapa nyumbani?" akasema kwa Kiswidi chake cha shamba, polepole, kama mtu anayesoma ubao wa mbali. "Ester hajambo? Anaosha vyombo siku hizi? Daudi je? Bahati?"

Nilisimama pale na machozi yananitoka, sikuyafuta.

"Na yule mdogo," Sture akasema. "Sifa. Bado analala na viatu?"

Sifa, najua unasoma hili, na najua una umri gani. Nilimwambia ndiyo.